Namna ya Kuhudhuria Kongamano la Teilhard Bila Kuumbuka

Anza na jina. Pierre Teilhard de Chardin hutamkwa "Teyar de Shardan", na ukilitamka jinsi lilivyoandikwa, watu wa meza ya usajili watakutazama kwa huruma ya Kikristo. Ukishavishwa kadi ya jina shingoni, usilirudie tena jina zima. Sema "Teilhard" tu, kwa sauti ya mtu aliyekula naye chakula cha jioni juzi. Alifariki mwaka 1955, lakini hilo halimzuii mtu.

Ya kujua kabla ya chai ya saa nne si mengi. Alikuwa padri Mjesuiti, Mfaransa wa Auvergne aliyezaliwa mwaka 1881, mwanajiolojia na mchimbaji wa visukuku. Aliamini kwamba mageuko ya viumbe hayamfukuzi Mungu ulimwenguni, ila ndiyo njia yake ya kuumba. Mata huzaa uhai, uhai huzaa fikra, na fikra za wanadamu zinafungamana mpaka zinaizunguka dunia nzima. Tabaka hilo la fikra aliliita noosfea. Mwisho wa safari ni Nukta ya Omega, ambako vyote vinakutana katika Kristo. Basi. Umeshawapita wengi waliokaa mstari wa mbele.

Sasa chagua pa kukaa, na hapa usikosee. Ukumbi wa aina hii, uwe Paris au New York, huwa na koo tatu. Kuna wanasayansi, wanaotazama saa. Kuna wanamazingira, ambao kila mmoja amekuja na chupa yake ya maji. Halafu kuna masista wazee waliojipanga kimya upande wa dirishani. Kaa na masista. Hao ndio waliosoma vitabu vyake, tena walivisoma wakati kuvisoma kulikuwa na gharama.

Na gharama ilikuwepo. Mwaka 1925 wakubwa wake walimtaka atie saini mambo sita baada ya waraka aliouandika kuhusu dhambi ya asili kufika Roma. Alitia saini, akapoteza nafasi ya kufundisha katika Institut Catholique ya Paris, akarudi China. Huko alikaa kwa vipindi virefu miaka ipatayo 20, akipasua miamba na kuandika vitabu asivyoruhusiwa kuvichapisha. Kabla ya kufa alimwachia Jeanne Mortier, katibu wake, maandiko yake yote kisheria. Mortier hakuwa mtawa, kwa hiyo hapakuwa na mkubwa wa kumnyamazisha, na vitabu vikaanza kutoka mwaka uleule wa 1955. Mwaka 1962 Ofisi Takatifu ya Vatikani ilitoa onyo, ikiwataka maaskofu na wakuu wa seminari wazikinge akili za watu, za vijana hasa, na hatari iliyomo katika maandiko hayo. Matokeo yake unaweza kuyakisia, kama umewahi kuwa kijana. Kwa hiyo sista wa miaka themanini na ushei akikuinamia na kukuuliza kwa upole, "Na wewe mwanangu, umesoma kipi?", usijibu "vyote". Atakuuliza sura.

Mtoa mada mkuu atatangaza kwamba Teilhard ni nabii wa ikolojia. Piga makofi, lakini ya wastani. Mtu huyu aliipenda dunia, hilo halina ubishi. Aliipenda mpaka mawe yake. Ila alipenda pia mashine, viwanda na maabara. Mwaka 1946 aliandika makala kuhusu bomu la atomu ambayo leo ukiisoma unapekua kurasa ukitafuta wapi anawataja watu wa Hiroshima, maana fikra yake imebebwa na ushindi wa akili ya binadamu. Alipoiona saiklotroni ya Berkeley, ile mashine kubwa ya kuzungusha chembe, alitoka na tafakuri ambayo wengine wangeiandika baada ya kutembelea kanisa kuu. Katika ramani yake binadamu yuko kileleni, akiijenga dunia. Misitu na nyangumi hawakupewa kiti cha maana kikaoni.

Aliyewapa ni Thomas Berry, padri Mpasionisti wa Marekani aliyekiongoza chama cha Teilhard cha nchi hiyo kuanzia 1975 hadi 1987. Berry alikichukua kisa cha ulimwengu kama Teilhard alivyokisimulia, akamshusha binadamu kutoka kileleni na kumweka ndani ya jamii ya viumbe, kisha akaandika waziwazi kwamba imani ya mwalimu wake katika maendeleo ilikuwa na kasoro. Wanafunzi wa Berry, Mary Evelyn Tucker na John Grim, wameiendeleza kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Yale. Kwa maoni yangu, nusu ya yale yanayosifiwa kwa jina la Teilhard katika makongamano haya ni ya Berry. Usiyaseme haya kwenye kipaza sauti. Yaseme kwenye foleni ya kahawa, ambako ndiko kongamano lenyewe linakofanyikia.

Ukibanwa upande wa mafundisho ya Kanisa, toa tanbihi namba 53. Papa Francis alipotoa waraka wa Laudato si' mwaka 2015, mchango wa Padri Teilhard ulitajwa humo, chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Miaka 60 ya kusubiri ikazaa tanbihi, na watu wakashangilia kama timu yao imechukua kombe. Usiwacheke. Septemba 2023 Papa huyohuyo, akiwa Mongolia, alimtaja tena kwa mdomo wake na kwa heshima. Mwezi Novemba 2017 Baraza la Kipapa la Utamaduni lilikuwa limeomba onyo la 1962 liondolewe. Francis alifariki mwaka 2025 bila kulifuta rasmi. Shirika lenye umri wa Kanisa halina haraka, na watu wa Teilhard, wanaohesabu muda kwa mamilioni ya miaka, ndio wa mwisho kulalamika.

Kipindi cha maswali kina hatari zake. Atasimama bwana mwenye karatasi nne, aseme "swali langu ni fupi", na utapata nafasi ya kujibu barua pepe zako zote. Mwingine atauliza kuhusu Piltdown kana kwamba ameigundua asubuhi hiyo. Jibu lako liwe tayari: lile fuvu la Uingereza lililotangazwa mwaka 1912 lilikuja kufichuliwa mwaka 1953 kuwa la kughushi, na Teilhard kijana ndiye aliyeokota jino moja la mabaki hayo mwaka 1913. Mwanapaleontolojia Stephen Jay Gould alimshuku hadharani mwaka 1980. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 uliona meno yale ni ya orangutani, na kazi yote inafanana na ya mkono mmoja, wa Charles Dawson, aliyedai kulipata fuvu hilo. Jibu kwa sekunde 20 kisha keti. Utaonekana mtaalamu.

Kuna swali moja ambalo ukitaka chakula cha mchana kitangazwe mapema, uliza hilo: mbona aliandika kwa kuunga mkono uboreshaji wa kizazi cha binadamu, na mbona kuna kauli zake zinazokataa kwamba jamii zote za watu ni sawa? Kauli hizo zipo, na watafiti wamezikusanya. Mwenyekiti wa kikao atasema ni swali zito linalostahili kongamano lake lenyewe. Linastahili kweli. Bado halijaitishwa lenye kujaza ukumbi.

Kama umetoka Afrika Mashariki, utaombwa "useme kidogo kuhusu mtazamo wa Kiafrika", hata kama ulikuja kama mhandisi wa maji. Usikimbilie methali. Waambie kwamba kati ya 1928 na 1929 Teilhard alizunguka Obock na Harar akiwa na Henry de Monfreid, mwandishi na mfanyabiashara wa magendo wa Bahari ya Shamu. Waambie kwamba mwaka 1951 na 1953 alikwenda Afrika Kusini kukagua mabaki ya binadamu wa kale, na mwishoni mwa maisha yake aliandika kwamba chimbuko la binadamu litafutwe Afrika. Fuvu la kale la Zinjanthropus lilipatikana Olduvai, Tanzania ya leo, mwaka 1959, miaka minne baada ya kifo chake. Halafu nyamaza, uwaache wafanye hesabu.

Jioni kuna ibada ya kufunga. Itaigiza Misa Juu ya Ulimwengu, sala aliyoiandika akiwa jangwa la Ordos mwaka 1923, akiwa hana mkate, hana divai, hana altare, akaamua kumtolea Mungu dunia nzima na kazi na maumivu ya siku hiyo. Wewe utaona meza yenye kitambaa cha kijani, bakuli la udongo, bakuli la maji, jani na mshumaa. Chungulia chini ya meza: udongo umenunuliwa dukani, na mfuko wake wa plastiki bado umo, na bei imebandikwa. Yule alikosa mkate kwa sababu alikuwa mbali na kila kitu, na nyundo mkononi. Hawa jiko liko ghorofa ya chini. Hata hivyo, masista watakapofunga macho, funga na wewe. Sala yenyewe ni nzuri kuliko maandalizi yake.

Na kama kongamano liko New York, toroka kikao cha tathmini. Panda treni Grand Central, shuka Poughkeepsie, kisha chukua teksi hadi Hyde Park. Teilhard alifariki Jumapili ya Pasaka, 10 Aprili 1955, mazishini wakaenda watu wachache mno, na akalazwa katika makaburi ya nyumba ya malezi ya Wajesuiti, chini ya jiwe dogo lisilotofautiana na mawe ya wenzake. Wajesuiti waliiuza nyumba hiyo. Leo ni Culinary Institute of America, chuo cha wapishi, na kaburi bado lipo ndani ya eneo lake. Chuo kina migahawa inayohudumiwa na wanafunzi na kupokea wageni wa nje. Weka nafasi mapema, maana hujaa.