Vikopo Viwili Dirishani

Nyumba yetu hapa Chake Chake inatawaliwa na Bi Mkubwa, mama yangu mzazi, na adui yake wa kudumu ni ukungu. Masika ya Pemba hayana huruma. Mvua ikishashika, ukungu hupanda kwenye viatu, kwenye kanzu zilizokunjwa, kwenye godoro, na karafuu isiyopata jua huharibika ikaangusha bei. Yeye hupambana nao kwa siki, kwa jua na kwa maneno. Ukitaka ugomvi naye, mwambie kwamba hamira yake ya dukani na ukungu ni jamii moja.

Basi skuli wakapimwa minyoo. Kitinda mimba wetu akarudi na vikopo viwili vya plastiki vyenye namba, mifuniko imebana barabara: kimoja cha choo cha kesho, kingine cha keshokutwa. Kikopo kizuri namna hiyo hakikai bure kwenye nyumba yenye jiko. Alfajiri Bi Mkubwa alikitwaa cha pili, akavuruga hamira na sukari kwa maji ya uvuguvugu, akafunika, akakiweka dirishani kipate joto. Ndugu zake walikuwa wanakuja kutoka Wete na mkate wa kumimina ulikuwa njiani: mchele umeroweka usiku kucha, umesagwa, tui na hiliki tayari. Mtoto naye akatoka chooni na chake, akakiweka papo hapo, akaenda kutafuta viatu. Aliporudi alichukua kilichokuwa karibu.

Bi Mkubwa alikishika kilichobaki juu ya bakuli, akafungua, mkono ukasimama hewani. Pua iliyozoea kugundua ukungu ndani ya sanduku lililofungwa haikuhitaji darubini. Mama watoto anaapa hadi leo kwamba hata chembe haikuingia. Hapana aliyemsikiliza. Mchele, tui la nazi mbili, hiliki, vyote vikaenda chini ya mgomba, na bakuli likafuata.

Kabla jirani hawajamaliza kuuliza kuna nini, pikipiki ikasimama uani. Kijana wa maabara alikuwa ameshika mfuko wa nailoni kwa vidole viwili. Hamira ilikuwa imeumuka ndani ya boksi, ikang'oa mfuniko, na sampuli za darasa zima zikanukia mkate.

"Samahani, Bibi. Hii ni ya nani?"

Bi Mkubwa hakuona haya. Alishambulia. "Kwanza niambie, mwanangu, vidonge vya minyoo wanameza kila mwaka, na kila mwaka mwarudi kupima. Vyafanya kazi gani?"

Lilikuwa swali la haki. Albendazole inawapiga vizuri minyoo wengi, lakini mnyoo mjeledi, anayejichomeka kichwa chembamba kwenye ukuta wa utumbo, mara nyingi huishi baada ya kidonge kimoja kana kwamba hakikumezwa. Kijana alikaa barazani akaeleza kwa subira ya mtu anayepokea choo cha watu kila asubuhi. Pale Wawi, kwenye Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa mwaka 2000, walishirikiana na watafiti wa Uswisi kujaribu dawa nyingine, emodepside, kwa watu wazima wa Pemba. Matokeo yalitoka mwaka 2023: kwa miligramu 5 tu, makadirio ya waliopona mnyoo mjeledi yalikuwa asilimia 85, waliopewa albendazole, 17. Bado iko majaribioni.

"Na imetengenezwa na nini?"

Hapo kijana akasita, maana alikuwa ameliona godoro limeegemezwa juani. "Na ukungu, Bibi. Kuvu anayeishi ndani ya majani ya kamelia, jamaa ya mchai, huko Japani. Wanakemia wakaichukua sumu yake wakaichonga kidogo. Mnyoo akiipata, misuli inamlegea."

"Mkampa nani kwanza?"

"Paka."

Mama watoto alikimbilia ndani kucheka. Kijana hakuishia hapo. Alimkumbusha Bi Mkubwa vidonge vya matende, vilivyoanza kugawiwa Unguja na Pemba mwaka 2001. Kimojawapo, ivermectin, kimetokana na bakteria aliyekutwa kwenye udongo wa Kawana, Japani, katika miaka ya 1970. Satoshi Ōmura aliyemfuga, na William Campbell aliyeonyesha kwamba anaua minyoo, walipata Nobel mwaka 2015. Viumbe hawa hawana miguu ya kukimbia wala meno, wanapigania chakula kwa kemikali, na kemikali hizo ndizo tunazozimeza.

Bi Mkubwa alisikiliza, akaingia ndani, akatoka na mkoba wa ngozi uliofunikwa na ukungu wa kijani. "Haya, chukua. Huu wangu mbona hamjaupima?"

Kijana akajitetea kwamba Wawi wao huhesabu mayai ya minyoo, hawawindi dawa, na wanaowinda hupekua maelfu ya sampuli ili wapate moja yenye maana.

"Maelfu hayo, mangapi yametoka Pemba?"

Hakuwa na jibu, na mimi nilimwona kijana akiutazama ule mkoba mara ya pili.

Alikubali chai. Boflo hakuligusa, ingawa tulimwonyesha karatasi ya dukani.