Barafu ya Mama Mkwe na Fremu ya Kaboni

Nyumba yetu ya Tudor, Mombasa, iligawanyika pande mbili jioni niliyotamka kwamba nataka baiskeli ya mbio. Ya kwendea sokoni tunayo, ya chuma, ina kikapu mbele na keria nyuma, na haijawahi kutuangusha. Mimi nilitaka ile yenye usukani uliopinda kwa chini na matairi membamba, nitoke nayo baada ya swala ya alfajiri kabla malori hayajajaa barabarani, nivuke daraja la Nyali, nipite Bamburi, nifike Mtwapa na kurudi mapema. Daktari alishanihimiza mazoezi, lakini simsingizii daktari. Nilikuwa nimewaona akina mama wawili wakipita Nyali asubuhi, wamejiinamia, magurudumu yanalia ziii juu ya lami, na roho yangu ikaenda nao.

Mdogo wa mume wangu huendesha na vijana wenzake kila Jumapili, na yeye neno lake ni moja tu: kaboni. Mume wangu ni fundi wa friji. Kitu chochote kikitaka kuingia nyumbani kwake huuliza kwanza kitafunguliwaje siku kikiharibika, na kwa sababu hiyo alisimama upande wa alumini. Mama mkwe, ambaye ndiye mwenye nyumba na mwenye friza, hakuwa na upande. Alitaka kujua tu itawekwa wapi.

Mabishano yalianzia kwenye wali na samaki, yakaendelea hadi chai. Shemeji alitaja Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France 1986 juu ya fremu ya kaboni ya Look. Mume wangu, ambaye sikujua kama anafuatilia mambo hayo, akamjibu kwamba Marco Pantani alipowaacha wenzake kwenye milima ya Ufaransa 1998 na kuchukua ushindi, chini yake palikuwa na Bianchi ya alumini. Shemeji akasema hiyo ni zamani, siku hizi kaboni ni nyepesi mpaka chama cha baiskeli cha dunia kimelazimika kuweka kiwango, baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Na hao wote wanakaa ghorofa ya ngapi?"

Swali lilikuwa la maana kuliko alivyodhani. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu na jengo halina lifti. Baiskeli ningeibeba begani mara mbili kila ninapotoka, na ingelala koridoni, mahali ambapo watoto hupita mbio na ndoo za maji hugongana. Upepo unaoingia pale unatoka Tudor Creek, una chumvi. Funguo tukizisahau dirishani hushika kutu. Tangu hapo nikaacha kuuliza nini kilishinda Ufaransa, nikaanza kuuliza nini kitaishi koridoni kwetu.

Kaboni hii si chuma. Ni nyuzi nyembamba mno, zinafumwa au kulazwa tabaka juu ya tabaka, zinashikanishwa kwa gundi ya epoksi, kisha zinaokwa ndani ya kalibu. Uzuri wake uko katika kulaza. Mtengenezaji huamua nyuzi zielekee wapi, kwa hiyo fremu inaweza kuwa ngumu pale unapokanyaga pedeli na kunyumbuka kidogo pale unapokaa. Wanaosema ni dhaifu wanakosea. Ndege za Boeing 787 za Kenya Airways, karibu nusu ya uzito wa viunzi vyake ni vitu vya jamii hiyo hiyo. Ila kaboni ina nguvu kwa upande iliopangiwa. Ukiibana sana kwa bolti, au ikipigwa na ncha ya kitu kigumu, inaweza kuumia ndani huku rangi ya juu ikimeremeta. Na ndege hukaguliwa na watu wenye vyombo. Koridoni kwetu hakuna mkaguzi.

Alumini nayo inasingiziwa. Husemwa inachosha, inatetemesha mifupa. Fremu za zamani zenye mabomba manene na matairi membamba yaliyojazwa mpaka yakawa kama mawe, ndizo zilizoiachia jina hilo. Za sasa kuta za mabomba yake ni nene kwenye ncha, ambako kuna viungo, na nyembamba katikati, na mara nyingi uma wa mbele ni wa kaboni. Tairi pana lenye upepo wa kiasi hupooza mtetemo kuliko fremu yoyote. Tofauti ya uzito ipo, sikatai: fremu kwa fremu ni kama nusu kilo, baiskeli nzima pengine kilo moja au zaidi. Kwa anayepanda mwinuko wa Mazeras akishindana, hiyo ni hesabu. Kwa mtu anayeanza, kwenye barabara tambarare ya Nyali na Bamburi, pesa za kaboni zinafanya kazi kubwa zaidi zikienda kwenye breki, gia na magurudumu. Nilimwambia shemeji hivyo, tena kwa upole. Akasema nisiihukumu kaboni kabla ya kuipanda, na Ijumaa jioni akaja na moja.

Ilikuwa ya rafiki yake, iliyokuja na kontena kutoka Ulaya, nyeusi, nzuri ajabu. Niliinyanyua kwa vidole viwili. Hapo, kwa kweli, moyo wangu ulitetereka. Tatizo lilikuwa kiti. Rafiki yake ni mrefu na mimi nilihitaji kiti kishuke kama vidole vitatu. Shemeji akalegeza bolti kwa elenki, akasukuma. Kimya. Akakaa juu yake na uzito wake wote. Kimya. Akazungusha kiti kwa mikono miwili mpaka baiskeli nzima ikazunguka naye koridoni.

Mume wangu akachuchumaa na tochi. Bomba linaloshika kiti lilikuwa la alumini, limezama ndani ya fremu ya kaboni, na kwenye ukingo palikuwa na ungaunga mweupe. Akatueleza, na hapa nilimpenda upya mume wangu: kaboni hupitisha umeme, na ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, viwili hivyo vinakuwa betri ndogo. Anayeliwa ni alumini. Anavyoliwa hutoa ule unga, na unga unahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichouzaa, kwa hiyo hujibana kila upande mpaka bomba linashikamana na fremu. Dawa ilikuwa kupaka mafuta maalumu yenye chembechembe siku ya kufunga, na kulifungua kila baada ya miezi kadhaa. Hakuna aliyefanya hivyo.

"Basi maji ya moto," alisema shemeji, na birika lilikuwa tayari jikoni.

Mume wangu akamzuia. Kwenye nati ya chuma, sawa. Hapa alumini ikipata moto hutanuka na kaboni karibu haitanuki kabisa, kwa hiyo moto utaikaza zaidi, tena ukizidi utalainisha gundi ya fremu. Tunachotaka ni baridi. Bomba lenye kipenyo cha milimita 27.2, ukilitoa kwenye joto la Mombasa ukalifikisha karibu na sifuri, hupungua kama sehemu mbili za mia ya milimita. Ni kidogo kuliko unywele. Kinatosha.

Walitia mafuta ya kupenyeza ukingoni, wakayaacha yalale usiku kucha, na Jumamosi mama mkwe alipotoka kwenda kwenye maulidi ya jirani, friza likafunguliwa. Sasa friza lile si friza la kawaida. Ndani yake hukaa vibarafu vya ukwaju na maembe ambavyo mama mkwe huwauzia watoto wa mtaa, na kwa pesa hizo hulipa chama chake. Nilisema tuchukue barafu ya maji peke yake. Ikachukuliwa, ikapondwa, ikafungwa kwa taulo kuzunguka bomba, ikayeyuka. Joto la saa sita mchana halina huruma. Shemeji akataka kuongeza chumvi ili baridi izidi, mume wangu akamshika mkono: chumvi ndiyo iliyotufikisha hapa. Barafu ya maji ilipokwisha wakaangaliana, wakaniangalia, na ukwaju ukaingia kazini. Embe likafuata.

Maji ya rangi ya kahawia yalitiririka koridoni, yakapita chini ya mlango, yakashuka ngazi. Jirani wa ghorofa ya pili akapanda kuuliza kama bomba la choo limepasuka. Binti yangu alikuwa ameshika usukani, mume wangu amekumbatia fremu, shemeji amekamata kiti, na wote watatu walikuwa wananata. Ndipo likalia. Mlio mkali wa kukwaruza, bomba likazunguka robo, likarudi, likazunguka nusu, na likatoka likiwa limepauka na kuchimbika vishimo. Jirani akapiga makofi.

Tulifuta. Na tulipofuta, chini kidogo ya mdomo wa fremu, karibu na bolti, tukauona mstari. Mwembamba, urefu wa kucha. Shemeji akasema ni rangi tu. Mume wangu hakusema kitu.

Mama mkwe aliingia wakati huo. Akatazama sakafu, akatazama friza lililoachwa wazi, akatutazama mmoja mmoja. Nilimweleza yote, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mama yule hufichwi kitu. Alisikiliza bila kuvua buibui. Kisha akatoa shilingi ishirini kwenye mkoba, akainama, akaanza kuigonga fremu, taratibu, kutoka juu kuja chini, sikio karibu, namna ile ile anavyogonga nazi sokoni Kongowea kabla hajakubali kulipa. Ti, ti, ti, mlio mkavu na mkali. Alipofika kwenye mstari, ukabadilika: tu. Akarudi juu: ti. Akashuka: tu, na eneo hilo lilikuwa pana kuliko mstari wenyewe.

"Hapa pamekufa," akasema. "Hii siichukui."

Baadaye tuliambiwa kwamba hata mafundi wa baiskeli za kaboni huanza hivyo hivyo, kwa sarafu, kabla ya kuleta vipimo. Mlio ukififia, tabaka zimeachana ndani. Pale pale kando ya bolti paliandikwa kwa herufi ndogo 5 Nm, yaani kama uzito wa kilo 5 ukining'inia kwenye ncha ya elenki ya sentimita 10. Ni mkazo mdogo, na mtu aliyezoea baiskeli za chuma huupita bila kuhisi. Nani aliyeupita, Ulaya au huku, hakuna wa kumuuliza.

Jumatatu shemeji aliipeleka Mtwapa kwa fundi wa maboti ya faiba, kwa kuwa kazi ni ya ukoo mmoja: nyuzi, gundi, msasa. Mzee yule aliipapasa kwa heshima. Akasema kuiziba anaweza, na mtu hatajua palipozibwa. Asichoweza kuahidi ni nguvu. "Boti langu nalijua kwa sababu nimelilaza mwenyewe. Hii sijui walilaza tabaka ngapi, na kwa upande gani. Boti likivuja utarudi pwani. Hii ikikatika ukiwa mteremkoni, utarudi vipi?" Shemeji alipompelekea mwenyewe habari hizo, yule rafiki alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema alhamdulillahi. Jumapili ya kabla ya kutuazima alikuwa ameshuka nayo Mazeras.

Yangu ilikuja kwa basi kutoka Nairobi, ndani ya boksi. Fremu ya alumini ya 6061, uma wa kaboni, breki za diski, matairi ya milimita 32. Kabla ya yote mume wangu alilitoa bomba la kiti, akalipaka grisi, akalirudisha, maana hata alumini ndani ya alumini, kwa chumvi ya pwani, inaweza kushikana. Akaniambia jambo jingine nililoshukuru kulijua: nisije nikamruhusu fundi wa kuchomelea wa barabarani kuigusa siku ikipata ufa. Alumini ya aina hiyo hupata nguvu yake kwa kupikwa kwenye joto maalumu, na moto wa kuchomelea huifuta nguvu hiyo pale palipounganishwa. Na kwa kuwa alumini huchoka polepole kwa miaka, niwe naosha na kukagua viungo vyake kwa macho. Ufa wake, angalau, utaonekana kwa anayetazama.

Naibeba ngazi zote tatu. Inagonga ukuta, inagongwa na ndoo, ina mbonyeo mdogo wa mlango wa jirani, na asubuhi kule Bamburi inalia ziii kama zile za akina mama wawili. Kaboni bado naitamani, na siku nitakapokuwa na chumba cha kuilaza na spana ya kupimia mkazo, nitainunua bila kumwogopa mtu.

Deni la vibarafu lililipwa lote, ukwaju bei ya ukwaju na embe bei ya embe. Shemeji naye alinunua gia na magurudumu ya ile fremu iliyokufa, na sasa anatafuta fremu nyingine ya kuyafungia. Juzi alimwonyesha mama yake picha ya moja kwenye simu, ya kaboni, imetumika, bei nafuu. Mama mkwe hakuitazama.

"Picha haigongeki," alisema. "Ilete."