Shela, Vidakuzi na Tuhuma za Mke wa Pili

Ukiteuliwa katibu wa kamati ya harusi, ujue umeteuliwa pia kuwa mpelelezi wa bei, mhasibu na mtu wa kulaumiwa. Mpwa wangu alipotangaza kuoa, dada yangu hakuniuliza kama nina nafasi. Aliniingiza tu kwenye kundi la WhatsApp na kuandika, "Mjomba ndiye katibu." Kazi ya kwanza ikawa kutafuta bei mtandaoni: ukumbi, keki, suti, na zaidi ya yote shela ya kukodi, maana bibi harusi alisema kununua ni kutupa hela, na wajumbe wakaitikia amina kabla hajamaliza sentensi.

Nikaifanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya nyumbani, ile tunayoitumia wote. Asubuhi mke wangu akaifungua asome habari. Kulia shela, chini shela, na katikati ya taarifa ya bei ya mafuta, shela yenye mkia wa kuzolea vumbi ukumbi mzima. Akakimbilia kwenye mapishi. Huko akakuta fungate ya Zanzibar, wawili tu, ufukweni.

"Baba watoto, hebu njoo."

Mwanamume aliyeoa anaijua "hebu" hiyo.

"Nani anaoa humu ndani?"

"Ni mambo ya mpwa wangu."

"Mpwa wako anavaa shela?"

"Ni ya bibi harusi wake."

"Na hii fungate ya wawili? Inawatosha kamati nzima?"

Utetezi wangu ulihitaji ushahidi wa kitaalamu, nikautoa nikiwa nimesimama. Tovuti, nikamwambia, kwa asili hazina kumbukumbu. Kila unapobofya, seva inakupokea kama mgeni ambaye haijapata kumwona. Chukua muuza chipsi wetu wa pale kona: unaagiza chipsi mayai, anakuuliza kama aweke pilipili, unajibu ndiyo, naye anakutazama usoni na kusema, "Karibu kaka, nikuhudumie nini?" Ndivyo wavuti ulivyokuwa mpaka mwaka 1994, mhandisi wa Netscape aitwaye Lou Montulli alipotafuta namna ya duka la mtandaoni kukumbuka vitu ambavyo mteja ameshaweka kwenye kikapu. Akabuni kidakuzi. Ni kijikaratasi ambacho muuza chipsi anakupa mkononi, "mteja namba fulani, chipsi mayai, pilipili nyingi," na wewe unamwonyesha kila unaporudi. Kivinjari ndicho kinachokihifadhi na kukirudisha, wewe huna habari. Ni maandishi mafupi tu, na bila hayo ungeandika nywila upya kwa kila barua pepe unayofungua.

"Mpaka hapo sijaona kosa," akasema mke wangu, kwa sauti ya hakimu.

Kosa linaanza pale kibandani anaposimama jamaa mwingine mwenye daftari. Hauzi chipsi, hanunui chipsi, anaandika tu. Kesho unamkuta kwa kinyozi, keshokutwa kwa muuza viatu, daftari ni lilelile. Mtandaoni jamaa huyo ni mtandao wa matangazo. Amepewa nafasi kwenye ukurasa wa shela na nafasi nyingine kwenye ukurasa wa habari, kwa hiyo kidakuzi alichokiacha kule, kivinjari kinampelekea huku. Wenyewe wanakiita kidakuzi cha mshirika mwingine. Jina langu huenda hakilijui kabisa. Kimebeba namba, na namba hiyo ni ya kivinjari, si ya mtu. Akikaa pale mume, mke au mtoto wa darasa la nne, kwake wote ni mtu mmoja mwenye haraka ya kuoa.

"Kumbe anayeoa ni kivinjari," akasema. "Basi leo mtalala naye sebuleni."

Mpwa akaitwa kuja kuokoa ndoa ya mjomba wake. Anasoma mambo ya kompyuta chuoni, na kwa vijana wa fani hiyo kila ugonjwa una dawa moja. "Futa vyote, mjomba," akasema, na kabla sijauliza "vyote" inaishia wapi, alikuwa ameshabofya. Shela zikatoweka. Vikatoweka pia vile vidakuzi vilivyokuwa vinatubakiza ndani ya akaunti zetu, vile ambavyo havikuwa na ugomvi na mtu. Barua pepe ya mke wangu ikadai msimbo, na msimbo ukatumwa kwenye laini iliyopotelea kwenye daladala. Mtoto akafungiwa nje ya masomo ya mtandaoni, hasara pekee iliyopokewa kwa furaha. Balaa kubwa ilikuwa orodha ya ahadi za michango. Haikufutika, ila ilikuwa ndani ya akaunti ya kamati, na nywila yake aliijua mhazini peke yake, naye alikuwa kijijini kwao bila chaji. Wajumbe waliokuwa wameahidi laki mbili kwa sauti ya kipaza wakaanza kukumbuka, kwa sauti ya chini, kwamba walisema elfu hamsini.

Utasema, si kuna vile vibao vinavyotuomba ruhusa? Vipo, nami navifahamu kwa ajili ya mpira. Ukifungua tovuti ya Ulaya kuangalia matokeo, kinakurukia kibao: "Sisi na washirika wetu mia kadhaa tunathamini faragha yako." Mia kadhaa! Kamati yetu haifiki watu arobaini, na siri haimalizi dakika tano. Kitufe cha "Kubali zote" kinang'aa, kikubwa. Cha kukataa kimefichwa nyuma ya "Dhibiti mapendeleo," ambako unazima swichi moja baada ya nyingine, na ukimaliza goli ulilokuja kuliona limeshafutwa na VAR.

Vibao hivyo vimetokana na sheria za Umoja wa Ulaya, ile ya faragha ya mawasiliano iliyokazwa mwaka 2009 na ile ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 25, 2018. Ujanja wake umeshafika mahakamani. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kwamba kisanduku ulichowekewa tiki kabla hujafika si ridhaa. Mwanzoni mwa 2022 mamlaka ya data ya Ufaransa ikatangaza kuitoza Google faini ya euro milioni 150 na Facebook milioni 60, kwa sababu kukataa kulikuwa kugumu kuliko kukubali. Nasi tunazo sheria zetu, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, ila hakuna sheria itakayokuja kuketi sebuleni kwangu kunitetea kuhusu fungate.

Komeo lenyewe liko kwenye kivinjari. Kibao kinakuuliza habari ya tovuti moja. Mipangilio ya kivinjari inaamua kwa zote. Safari imekuwa ikivizuia yenyewe vidakuzi vya washirika wengine tangu 2020. Firefox inavitenga, kila tovuti na chungu chake. Chrome iliahidi mwaka 2020 kwamba itaviondoa, ikasogeza tarehe, ikaisogeza tena, na mwaka 2024 ikaghairi, kwa hiyo mwenye Chrome ajihudumie mwenyewe: vidoti vitatu, Mipangilio, Faragha na usalama, halafu azuie vidakuzi vya washirika wengine. Jamaa wa daftari anabaki nje, muuza chipsi anaendelea kukukumbuka. Na tovuti moja ikikuudhi, futa vidakuzi vyake peke yake badala ya kuwafukuza watu wote kwenye akaunti zao.

Kwa shughuli ya kupita, kama kutafuta shela ya mwenzio, kuna hali fiche. Ukifunga madirisha yake yote, vidakuzi vyake vinakwenda nayo. Ila isikudanganye jina: kampuni inayokuuzia bando na watu wa mitambo ya ofisini bado wanaweza kuona ulipokwenda.

Kilichorudisha amani kwangu ni wasifu. Chrome inamruhusu kila mtu wa nyumba moja awe na wasifu wake, wenye vidakuzi vyake, na wa mke wangu haujui chochote kuhusu wa kwangu. Mhazini akarudi, orodha ikafunguka, na wale wa elfu hamsini wakasomewa laki mbili zao mbele ya kikao.

Matangazo hayakupungua hata moja. Nilichozuia ni kufuatwa, kwa hiyo sasa yanabahatisha. Kwenye wasifu wangu wananiuzia trekta, kozi ya Kijerumani na dawa ya upara. Mke wangu amekubali kwamba mawili ya kwanza ni ya kubahatisha.