Utangulizi wa Sifalojia: Ngeli za Visifishi katika Kiingereza

Mwanafunzi wangu, zima simu, fungua daftari. Leo tunaingia katika sifalojia, taaluma inayochunguza jinsi Mwingereza anavyosifu. Wapo wanaodai kwamba fizikia ndiyo mama wa sayansi zote. Nawaachia fizikia yao. Hakuna mwanafizikia aliyegundua jambo bila kwanza kubaki mdomo wazi, na mdomo ulio wazi ni mali yetu.

Fasili. Kisifishi ni neno litokalo kinywani baada ya macho kuona na kabla ya akili kufika. Ikariri.

Kanuni Kuu. Kila kisifishi cha Kiingereza ni taarifa ya madhara. Msemaji anaripoti, bila kujua, kwamba ametishwa, amepigwa au amedanganywa.

Ngeli ya 1: Visifishi-tishi. Chukua “terrific”. Asili yake ni Kilatini, terrificus, yaani chenye kutia hofu. John Milton, katika Paradise Lost ya mwaka 1667, analitumia kwa nyoka mwenye manyoya ya shingoni. Leo neno hilohilo hutamkwa mbele ya keki. Nyoka amekwenda wapi? Swali hili limeninyima usingizi, nami nashauri likunyime na wewe.

Sasa tulia, maana hapa ndipo wengi huanguka mtihani. “Awesome” na “awful” ni ndugu wa tumbo moja. Mama yao ni “awe”, hofu ya mtu aliyesimama mbele ya kilicho kikuu. Zamani yote mawili yaliheshimika. Kisha mmoja akapata cheo, mwingine akatupwa jalalani. Kwa nini? Kiambishi -ful hudai kujaa; -some hudai tabia tu. Kwa hiyo mwenye hofu ya wastani husifu, na aliyejaa hofu mpaka shingoni hulalamika. Mpaka kati ya hali hizo mbili nimeuita kizingiti-hofu. Mchuzi ukikivuka, hurudishwa jikoni.

Kijana wa nyuma ananyosha mkono kusema kwamba hata sisi tunasifu kwa “hatari”, “noma”, “balaa” na “kiboko”. Hilo ni somo la mwaka wa 3. Shusha mkono.

Ngeli ya 2: Visifishi-kipigo. “Astonish” ina radi ndani yake: Kilatini tonare, kunguruma, kikapitia Kifaransa cha kale hadi London. “Stunning” ni wa ukoo huohuo. “Gobsmacked” ni mtu aliyezabwa kofi la mdomo, kwani “gob” ni mdomo kwa lugha ya mitaani ya Waingereza. Zingatia tofauti: katika “stunning” anayeumia ni mtazamaji, katika “smashing” kuna kilichovunjika, lakini hakitajwi. Uzembe huu wa Waingereza sijausamehe.

Ngeli ya 3: Visifishi-uongo. “Fabulous” ni wa hekaya, “incredible” ni wa kutosadikika, “fantastic” ni wa kufikirika. Tusipoteze muda. Kaa badala yake na “glamour”, ambalo ni “grammar” lililopindishwa na Waskoti likawa na maana ya uchawi. Walter Scott ndiye aliyelipa umaarufu. Watu wa kawaida walimwona msomi wa sarufi, wakadhani anaroga. Hii ndiyo sababu ya kitaalamu inayotufanya sisi wanasarufi tupendeze.

Ngeli ya 4: Kisifishi-pumbavu. Ngeli hii ina mwanachama mmoja, “nice”, naye anatosha. Alizaliwa Kilatini akiitwa nescius, asiyejua. Alipoingia Kiingereza mnamo mwaka 1300 maana yake ilikuwa mpumbavu. Baadaye akawa mchaguzi, kisha mtu wa usahihi, mwishowe akawa mzuri wa kila kitu: hali ya hewa, biskuti, mkwe. Jane Austen aliligundua tatizo hili mapema. Katika Northanger Abbey, kitabu kilichotoka mwishoni mwa 1817, Henry Tilney anamtania Catherine kwa kulibandika neno hilo kwenye kitabu. Ukiambiwa wewe ni “nice”, usishukuru papo hapo. Uliza kwanza: ya karne ipi?

Nyongeza ya 4(b). “Handsome” hapo mwanzo lilimaanisha kitu kinachoshikika vizuri mkononi. Mwanamume aitwaye hivyo anasifiwa kwa ubora wa mpini wa jembe.

Linabaki “wow”, lililoandikwa na mshairi Mskoti Gavin Douglas katika tafsiri yake ya Aeneid, aliyoikamilisha 1513. Halitishi, halipigi, halidanganyi; halina ngeli. Nimelitengea juzuu zima, na mtihani wake ni Jumatatu. Wino mweusi tu.