Sifa za Udongo Usiokula Posho

Mnazi umeimbiwa. Karafuu imeimbiwa. Jahazi limeimbiwa mpaka tanga likachoka. Lakini sijapata kumsikia mtu akisimama mbele za watu kuusifu mche wa udongo wa kusafishia rangi ya gari: kidude laini kinachoenea kiganjani, rangi yake bluu au kijivu, na bei yake ya kumfanya mke wa mtu aulize mara mbili. Naiomba kazi hiyo mimi. Umenitesa vya kutosha kunipa haki ya kuusifu.

Kwa asiyeujua, mambo yako hivi. Gari limeoshwa, limekaushwa, linang'aa. Pitisha vidole juu ya boneti na utakuta vipelepele, kama msasa uliochakaa. Sabuni haiviwezi, kwa sababu havikukaa juu ya rangi, vimejichimbia ndani yake: chembe za chuma kutoka kwenye breki, utomvu wa mwembe, saruji, vijitone vya rangi iliyopulizwa kwenye gari la mtu mwingine. Unalowanisha kipande kidogo cha boneti kwa maji yenye shampuu ya gari, unautelezesha udongo kwenda na kurudi, na vile vipele vinang'oka vikinasa kwenye udongo. Boneti moja itakula asubuhi yako, na milango bado inakusubiri. Kijana anayenioshea gari, ambaye imani yake yote ameiweka kwenye sabuni ya unga na tambara moja linaloanza na matairi kisha likapanda kwenye kioo, alinitazama nimeinama pale akasema, "Mzee, hiyo si ile wanayochezea watoto wa chekechea?"

Ni mnyenyekevu, udongo huu. Umekubali kuitwa udongo ilhali hauna hata punje ya ardhi ndani yake. Ni utomvu wa kiwandani uliokandwa pamoja na chembe laini mno za kukwangulia. Mjapani Tadao Kodate alipewa hataza yake Marekani mwaka 1995. Inapendeza kwamba Japani, baada ya kutuletea magari yaliyokwisha kutumika, haikuona haya kutuletea na dawa yake.

Ni mwadilifu pia. Ukiudondosha chini mara moja tu, kazi yake imekwisha: umeokota mchanga, na ukiurudisha kwenye gari utaichora rangi. Unatupwa. Hauhamishiwi mkoa mwingine kuendelea na majukumu.

Tena unajua mipaka ya madaraka yake. Kinyesi cha ndege kilichokwisha kuila rangi hakiuhusu. Huondoa kilichonata, haufuti kovu. Kwa Dar es Salaam hilo ni pengo kubwa, maana kunguru wetu wa Kihindi hawapumziki. Hao kunguru, kama hukuwahi kuambiwa, waliletwa Zanzibar na serikali ya kikoloni miaka ya 1890 ili wale takataka za mji. Ulikuwa mpango wa usafi.

Lakini sifa yake kuu, ile inayostahili mnara wa mawe, ni kwamba mche wa udongo ni tume ya uchunguzi.

Tafakari kidogo. Hauundwi baada ya magazeti kupiga kelele wiki tatu. Hauapishwi. Hauna mwenyekiti jaji mstaafu, wala katibu, wala sekretarieti. Hauendi Morogoro kukaa hotelini siku tano kuandaa hadidu za rejea. Haudai posho ya kikao, ya kujikimu wala ya mafuta, ingawa ndiyo tume pekee nchini ambayo ingedai kitu kwa jina la gari tukaelewa. Hauombi kuongezewa muda. Unapewa boneti, unaanza na boneti.

Uchunguzi wa awali hufanywa na mkono ulioingizwa ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, kwa kuwa plastiki huvikuza vipele ambavyo ngozi tupu haivisikii. Hapa tume inakutana na sheria: mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Raia mwema hutumia ile nailoni inayofunika pakiti ya sigara, nayo hufanya kazi vizuri kabisa. Kama huvuti, una jirani.

Kisha mashahidi wanasikilizwa, na nasema kusikilizwa kwa maana yake yenyewe. Udongo unapoanza kutembea unatoa mkwaruzo mdogo, shaa, shaa; huo ni ushahidi unatolewa. Ukirudia mahali palepale mkwaruzo unapungua, unafifia, unakoma. Shahidi amemaliza. Hakuna wakili wa kusimama kupinga, hakuna ombi la kuahirisha kwa sababu mhusika yuko safarini.

Tena tume hii haikandamizi. Ukikandamiza, au ukifanya ubahili wa maji, itachubua kile ilichotumwa kukilinda. Lile tabaka la juu linaloipa rangi mng'aro lina unene wa kama mikroni 40 hadi 50. Unywele wa binadamu ni kama 70. Kazi yote, na kiburi chote cha mwenye gari, vinafanyika juu ya kitu chembamba kuliko unywele. Ningependa waheshimiwa wanaohoji mashahidi hadharani wapewe mche mmoja kila mtu wafanye mazoezi nyumbani.

Na ripoti hutoka jioni ileile. Unaugeuza udongo, unatazama. Haukabidhiwi kwa mkubwa mbele ya kamera, ukashukuriwa, ukafungiwa kabatini. Ripoti haina viambatanisho vya siri. Yote yameandikwa palepale, kwa rangi.

Kwangu ripoti ilikuwa ndefu. Kulikuwa na nukta za kutu, ngumu, rangi ya chungwa: hizo ni cheche za grenda. Pale kona fundi anakata vyuma vya mageti kando ya njia, na cheche hutua zikiwa za moto, zikajichoma kwenye rangi, zikashika kutu. Kulikuwa na ukungu mweupe, mwembamba, wa upande mmoja wa gari tu: ni gereji ya chini ya mwembe, ambako magari hupulizwa rangi hewani na upepo wa bahari unagawa bure kwa mtaa mzima. Sina ugomvi nao sana. Wale ni watu wanaotafuta riziki, na hawajawahi kupewa eneo lingine.

Kilichobaki, na ndicho kilichobadilisha rangi ya mche wote, kilikuwa cha kijivu chenye wekundu. Barabara.

Naomba nivue joho la mshairi kidogo, linanibana. Barabara yetu ilichimbwa kabla ya uchaguzi mmoja na kwa mwendo huu itamalizwa kabla ya mwingine. Walimwaga kifusi, wakachanganya na saruji ili kishindiliwe kiwe tabaka la chini la lami, halafu wakaondoka na lami. Malori yanakisaga mchana kutwa, kinapaa, kinatua, umande wa alfajiri unakilowesha na saruji iliyomo inashika. Ndiyo maana hakitoki kwa sabuni. Bango la mradi bado limesimama, lina jina la mkandarasi, la mhandisi mshauri, la mfadhili, na tarehe ya kukamilika ambayo vumbi limeifunika haisomeki. Vumbi hilo ndilo pekee katika mradi mzima lililofanya kazi liliyotumwa.

Boza la maji lipo! Mkataba unalitaka, na lipo, limeegeshwa chini ya mti, dereva amelala ndani. Siku mgeni rasmi anapopita kwenda kuzindua kitu mahali pengine, linaamka saa kumi na mbili asubuhi na kumwagilia barabara yote mara mbili, na kwa saa tatu tunaishi kama watu. Mama wa vitumbua anafunua beseni lake. Msafara unapita, vioo vimepandishwa, boza linarudi chini ya mti. Yaani maji yapo, mafuta yapo, dereva analipwa, na uwezo wa kuzuia vumbi umethibitishwa mbele ya mashahidi. Kinachokosekana ni mgeni rasmi wa kila siku.

Na ikiwa chuma cha gari, kilichopakwa rangi na kufunikwa kwa tabaka la kukilinda, kinatoka na ripoti ya namna ile, kifua cha mtoto wa mama wa vitumbua, ambaye anashinda pale tangu anyonye, kina ripoti gani? Hakuna mche wa kutelezesha humo.

Basi nikautia udongo wangu ndani ya kopo la mafuta ya mgando nikaupeleka ofisi inayohusika. Kijana aliyekuwa mezani ni mtu wa adabu. "Shikamoo mzee." Nikamweleza. Nikamkumbusha kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za 2007. Alikubaliana nami kwa furaha. "Sheria tunazo nzuri sana, mzee." Ila barabara ile si yao, ni ya wenzao. Wenzao wakasema niende kwa mkandarasi. Karani wa mkandarasi akasema hayo ni ya mhandisi mshauri, na mhandisi mshauri alikuwa kikaoni Dodoma. Nikarudi kwa kijana wa adabu.

Safari hii aliomba alione kopo. Akautoa ule udongo, akaubonyeza kwa dole gumba, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha kwa makini ambayo sikuwa nimeyaona katika ofisi yoyote.

"Mzee, hii inauzwa wapi? Gari la ofisi limeshika vipele hivihivi, dereva amesugua na sabuni mpaka amekata tamaa."

Nikamtajia duka. Akavuta karatasi, akachomoa kalamu kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, akaliandika jina la duka, na akaniomba nimtajie na bei.