Namna ya Kumpoteza Mteja kwa Kikao Kimoja

Mshauri nasaha anayetaka mteja asirudi hana haja ya kumtukana. Amchukulie tu kwamba wamelelewa nyumba moja, wakafundwa na kungwi mmoja.

Njia ya haraka kabisa ni ya mjane wa Kiislamu aliyepiga simu kwa sababu yumo edani. Mwambie atoke akapunge upepo ufukweni, avae nguo za kung'aa, aanze maisha mapya. Hatapiga tena. Eda ya mjane asiye mjamzito ni miezi minne na siku kumi, na wapo wengi ambao siku hizo ndizo zinazowashikilia wasianguke. Msaada ulikuwa umo ndani ya eda yenyewe: nani anakuja kukaa naye, usiku unapitaje, watoto wanauliza nini kuhusu baba yao. Inaniuma kuona mtu anapewa ushauri wa kuacha kile kinachomshikilia.

Njia ya pili: mama hajui lugha yako, basi mwite bintiye mdogo atafsiri maswali kuhusu kipigo cha baba. Mama atajibu kwamba nyumbani kwema. Tafuta mkalimani mtu mzima, asiye ndugu, anayetunza siri.

Ya tatu ni kumkatiza anayesema "mawazo yamenizidi, kichwa kinawaka" ili umpe jina la ugonjwa la kitabuni. Huko Harare, daktari Dixon Chibanda alianzisha mpango wa Friendship Bench mwaka 2006, na mabibi waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Huzungumza nao kuhusu kufungisisa, neno la Kishona la kuzidiwa na mawazo. Matokeo ya utafiti wao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba wagonjwa walipata nafuu kubwa.

Kisha ipo ya kumpa mteja rufaa kwa sababu tu imani yake au maisha yake yanakukera. Kanuni za maadili za chama cha washauri cha Marekani, za mwaka 2014, zinakataza jambo hilo waziwazi. Rufaa ni ya pale ujuzi wako unapoishia. Chuki si upungufu wa ujuzi.

Kwa hiyo, mshauri mwenzangu, kabla hujamshauri mteja wako wa leo, muulize: "Kwenu, mtu akifikwa na jambo hili, hufanywa nini?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.