Vibanio vya Nguo

Dada wa kazi ndiye aliyegundua kwanza kwamba nyumbani kwetu Tabata kuna mwizi. Kila akienda kuanika, vibanio vilikuwa vimepungua. Mwishowe shuka zangu zikapeperuka zikatua kwenye banda la kuku la jirani, naye akazirudisha zimekunjwa vizuri, na kuku wakiwa wameshatoa maoni yao. Tulimshuku kitindamimba, tukamshuku na paka. Kisha siku moja nikaingia sebuleni bila kubisha hodi, nikamkuta binti yetu mkubwa amesimama mbele ya pazia, amevaa gauni la kijani la kumetameta. Mbele anatabasamu. Nyuma vibanio vimejipanga kutoka shingoni hadi kiunoni mithili ya mgongo wa mamba.

“Baba, usipite nyuma,” akasema. “Picha ni ya mbele.”

Binti huyu anauza nguo mtandaoni. Ana ukurasa wa Instagram, ana namba ya kulipia, ana kijana wake wa bodaboda, na ana chumba ambacho zamani kilikuwa changu cha kusomea. Mzigo anauchukua Kariakoo kwa bei ya jumla, katika maduka ambayo nayo yanaagiza Guangzhou. Pamoja na mzigo hupewa picha za kiwandani: msichana mrefu, shingo ndefu, amesimama kwenye ngazi za marumaru, hana hata mkoba wa kumsumbua. Kwa kuwa picha hiyo wanayo wauzaji wote wa mtaa mzima, binti akaona bora ajipige mwenyewe. Tatizo ni kwamba yeye anavaa M, tena M ya kubembeleza, na gauni lolote lililokuwa kubwa alilibana kwa nyuma mpaka likamkaa.

“Hata Ulaya wanabana,” alijitetea. Na ni kweli. Studio za picha za mitindo zina vibanio vyake, hufichwa mgongoni ambako kamera haifiki. Tofauti ni kwamba vya kwao haviibiwi kwenye kamba ya nguo ya baba wa mtu.

Gauni la kijani likanunuliwa na mama mmoja wa Mbezi, saizi 2XL kama alivyoomba. Lilikwenda asubuhi, likarudi jioni kwa bodaboda ileile, likifuatana na ujumbe wa sauti ambao mke wangu aliuweka spika ili tuufaidi sote: “Mwanangu, hili gauni mlimpigia picha mtu au fagio? Nimeingiza mkono mmoja, wa pili umegoma. Naomba hela yangu.”

Binti alikuwa ameandika kwenye ukurasa wake, kwa herufi kubwa, kwamba kilichouzwa hakirudishwi. Mke wangu akamwambia herufi kubwa hazivaliki, rudisha hela ya watu. Hela ikarudi. Nauli ya bodaboda, kwenda na kurudi, ikakatwa sijui kwa kanuni gani kwenye hela yangu ya gazeti.

Tukamwita Mjomba. Huyu ni shemeji yangu, fundi cherehani wa Buguruni, mtu ambaye hata msibani futi haimtoki shingoni. Akalitandaza gauni mezani, akalipima, akaligeuza ndani nje, akasikitika.

“Saizi ni yenyewe,” akasema. “Ila angalia. Kiwanda kinachora gauni la msichana mmoja, halafu saizi nyingine zote kinazitanua kutoka kwa huyohuyo. Inchi hapa, inchi pale. Sasa mwili haunenepi kwa rula. Kuna anayejaa kifua, kuna anayejaa hipsi, kuna mwenye mikono tu, kwingine kote msichana. Mimi nampima mtu mpaka kiwiko. Wao wameandika herufi mbili.”

Hapo nami nikapata nafasi, maana kazi yangu ni kusoma mambo yasiyoniletea fedha. Nikawaeleza kwamba mwaka 1939 na 1940 serikali ya Marekani, kupitia wizara yake ya kilimo, iliwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili nguo za dukani zipate saizi zinazoeleweka. Ripoti ikatoka 1941, viwango vya biashara vikafuata mwaka 1958, na mwaka 1983 vikafutwa, maana kila kampuni ilikuwa imeshaanza kujiandikia namba zake za kumfurahisha mteja.

“Kati ya hao elfu kumi na tano,” mke wangu akauliza, “alikuwamo hata mmoja wa Tabora?”

Nikamjibu kwamba hata Wamarekani weusi hawakuhesabiwa. Vipimo vilivyotumika ni vya wanawake wa Kizungu peke yao. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeshika futi siku hiyo. Gauni letu, kweli, limeshonwa Guangzhou kwa kipimo kingine kabisa. Lakini yule mama wa Mbezi naye hakupimwa na mtu, na kwenye picha hakuonyeshwa mtu wa kufanana naye. Alichoonyeshwa ni binti yangu na vibanio.

“Wenzetu wanafanyaje?” mke wangu akauliza, safari hii akimgeukia binti.

Binti anajua mambo haya kuliko anavyojifanya. Akasema kuna duka la New York, Universal Standard, lililoanza 2015, ambako mteja anachagua saizi na nguo ileile inaonekana kwa mtu wa saizi hiyo. Good American, lililofuata mwaka 2016, nalo likaweka vazi moja kwa modo wa miili tofauti. Lakini kule wana hela ya kuwalipa. “Mimi nitaitoa wapi miili?”

“Miili tunayo,” mke wangu akasema.

Kitindamimba, anayesoma kidato cha tatu na kuamini kwamba simu inaweza kila kitu, akataka kutuokoa na aibu. Akapakua programu, akaipa picha ya dada yake, akaiamuru imnenepeshe. Wazo halikuwa lake peke yake. ASOS ya Uingereza mwaka 2020 ilijaribu kuwavalisha modo 16 kwa kompyuta, na mwaka 2023 Levi’s walipotangaza kwamba watajaribu modo waliotengenezwa na akili mnemba, ati picha ziwe na watu wa kila namna, walisemwa sana: wanawake hao wa kila namna wapo hai na wanatafuta kazi, kwa nini wachorwe? Ya kitindamimba ilitoka na mwanamke mnene, mrembo, mwenye vidole sita. Gauni lilimkaa bila mkunjo hata mmoja.

Mjomba akaiangalia ile picha muda mrefu, halafu akairudisha simu.

“Huyu hajawahi kukaa kwenye kiti,” akasema.

Nadhani hapo fundi alisema jambo ambalo kampuni kubwa zinalizungukazunguka. Mkunjo ndio habari yenyewe. Kitambaa kikivutwa pale hipsi zinapoanzia, mteja anajua hakina unyumbufu. Pindo likipanda mbele kuliko nyuma, mwenye tumbo anajua ajiandae. Mkono ukibana, unaona ulipobania. Kompyuta inalifuta hilo lote kwa adabu, na adabu hiyo inamgharimu mteja nauli. Wanaozungumzia miili mbalimbali kwenye matangazo huzungumza zaidi juu ya haki na heshima, nami sina ugomvi nao. Ila mama wa Mbezi hakutuma ujumbe wa kudai heshima. Alitaka kujua kama mkono utaingia.

Basi Jumamosi ikapangwa. Makochi yakatolewa barazani, pazia likapigwa pasi likiwa palepale dirishani, nami nikakabidhiwa sinia la pilau nilielekeze kwenye mwanga limulike sura za watu. Kwa bahati, au kwa mkosi, dada yangu wa Handeni, ambaye nyumba nzima inamwita Shangazi, alikuwa amekuja mjini kwa ajili ya macho yake. Macho yakasahauliwa.

Alianza mke wangu na gauni la bluu. Akajipindisha ubavu, akavuta pumzi, akauliza kama tumbo linaonekana. Nilikuwa bado natafuta jibu litakaloniwezesha kula chakula cha jioni, binti akawahi: “Linaonekana, mama. Ndiyo kazi yake leo.” Mke wangu akaachia pumzi, na ile picha ya pumzi iliyoachiwa ndiyo iliyouza magauni mengi kuliko zote za siku hiyo.

Akafuata Shangazi na lile la kijani, sasa 3XL. Lilipanda kwa heshima mpaka nyongani, likasita, likasukumwa na watu wawili, likakaa. Zipu ikapanda nusu, ikauma kitambaa, ikagoma. Haipandi, haishuki. Mjomba alikuwa Buguruni, foleni imejaa. Na hapo, nje, ikasikika: “Hodi wenyewe!”

Ilikuwa kamati ya harusi ya mtoto wa mzee mwenzangu, wazee watatu na mke wa mwenyekiti, wakiwa na daftari la michango. Kwa kuwa makochi yalikuwa barazani, wakakaa huko, uso kwa uso na dirisha letu lililofunguliwa kwa ajili ya mwanga. Mke wangu akamsihi wifi yake ajifiche chumbani. Shangazi akasema hajaiba kitu cha mtu. Akajitupia kanga mgongoni, akatoka na kumetameta kwake kote, akawapa wageni mikono mmoja baada ya mwingine.

“Karibuni,” akasema. “Msinione hivi, mimi ni modo.”

Mwenyekiti alipoteza ukurasa. Katika kuutafuta akaandika ahadi yangu laki mbili badala ya elfu hamsini, nami nilikuwa mlangoni na sinia mkononi, si hali ya mtu kuanzisha mjadala wa fedha. Mkewe hakupoteza kitu. Alimzunguka Shangazi mara mbili, akashika kitambaa, akauliza kama kinavutika, akaambiwa hakivutiki, akaagiza gauni lakini si la kijani: lile la bluu alilolivaa mke wangu, maana, alisema, “tumbo la mama nimeliona na ni langu kabisa.”

Mjomba alifika jioni. Kwa kuwa yeye ni Mnyamwezi na Shangazi ni Mzigua, na makabila hayo ni watani, alichukua muda wake, akazunguka, akauliza kama atumie mkasi au msumeno. Shangazi naye akamwambia Wanyamwezi wamebeba mizigo miaka yote hiyo, leo wanaogopa zipu. Hatimaye akafumua mshono wa ubavuni, akamwonyesha binti upande wa ndani: kiwanda hakikuacha hata nusu inchi ya kitambaa cha kutanulia. “Ya kwangu naacha inchi nzima,” akasema, “maana binadamu hula.”

Picha zikatupiwa mtandaoni usiku huohuo. Wapo waliotukana, hao wapo siku zote, binti akawafuta. Wengi waliuliza swali moja: huyo mama wa kijani hipsi ngapi?

Sikujua kwamba namba inaweza kuvunja nyumba. Shangazi aliyewapa wazee mikono akiwa na zipu iliyokwama alikataa katakata hipsi zake ziandikwe. Kifua ruksa, urefu ruksa, hata umri tukitaka. Hipsi, la. Mjomba alikuwa amezipima: inchi 49. Mke wangu akambembeleza, binti akambembeleza, mwishowe Shangazi akakubali kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayetaja. Akataja 44. Binti akaandika 44.

Mteja wa Dodoma mwenye hipsi 44 za kweli akaliona gauni linavyomkaa Shangazi, limeshika, halijaning’inia, akafurahi kwamba sasa kuna wauzaji wakweli, akaagiza. Likapanda basi. Siku ya tatu picha ikaja: mama wa watu amesimama ndani ya gauni, ameshika kitambaa kilichozidi kwa mikono yote miwili, na maneno, “Hapa naingia na mume wangu.”

Simu ikazungushwa mezani. Ilipofika kwa Shangazi aliitazama, akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena. Kisha akaomba aonyeshwe pa kubonyeza ili kurekodi sauti. Alizungumza na yule mwanamke wa Dodoma kuanzia salamu za watoto, hali ya mvua, bei ya mahindi, na mwisho kabisa, kwa haraka, akasema: “Ni arobaini na tisa, mwanangu. Ile nyingine niliitaja kwa mazoea.” Yule wa Dodoma akacheka, akamjibu kwamba naye leseni yake ya udereva inasema ana kilo sitini. Akabadilishiwa saizi. Nauli, kama kawaida, ikatoka kwenye hela yangu ya gazeti.

Tangu siku hiyo kila picha ina vipimo vitatu chini yake, kwa inchi, vimechukuliwa na Mjomba mbele ya shahidi. Magauni bado yanarudi, ila si kwa wingi ule. Binti anataka sasa nivae mashati, kwa sababu vijana anaowaona kwenye picha za mashati ya kiume wote wana matumbo bapa, na wanunuzi wake ni watu wa rika langu. Nimemwambia nafikiria. Mke wangu amemwambia asisubiri nifikirie.

Shangazi amerudi Handeni akiwa na miwani mpya na makubaliano ya maandishi: elfu tatu kwa kila gauni litakalouzwa kwa picha yake. Mzigo wa wiki hii ni wa suruali za jinzi. Alipoambiwa, alituma ujumbe kwamba za kiuno kifupi havai, kwamba anataka nauli ya kuja na ya kurudi, na kwamba hipsi sasa ni 50, tuandike upesi kabla hajabadili mawazo.